Pepo Sita wa Katoju

Kagoma, Jumapili, 3 Juni 1951

Kahawa imeanza kuiva upande wa kibanja unaopata jua la asubuhi. Shemeji yangu Alistidia, mjane wa kaka, amenikabidhi kikapu na kuniambia nianzie kwenye miti mifupi. Hakuuliza kama bado najua kuchuma. Niliondoka hapa nikiwa kijana, nikibeba mizigo ya Wajerumani katika vita vile vya kwanza, na vita vilipokwisha vikanitupa Tanga. Huko nimezeekea katika kiwanda cha kuchapa vitabu: kwanza kupanga herufi za risasi, kisha kusoma kurasa kabla hazijachapwa, nikiwinda herufi iliyopotea au iliyozidi. Nimerudi mwaka huu. Watoto wa hapa wanasema Kihaya changu kina kutu.

Jioni Penina, binti wa marehemu kaka, alileta sahani ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage huku akijizuia kutabasamu. Siku ya harusi imepangwa: Jumamosi ya tarehe 25 Agosti, na Mwijage, fundi seremala wa Izimbya. Nilimpongeza. Mama yake akasema neno moja tu: "Na shangazi?"

4 Juni

Nimechuma vikapu vyangu. Mgongo umepinga.

Jumapili, 10 Juni

Neno lile la Alistidia limetuandama juma zima. Bibi harusi wetu haingii kwa wakwe peke yake. Shangazi yake, dada wa baba, ndiye humshika mkono, humwingiza na kumkalisha mapajani mwa baba mkwe, na ndiye humwambia yale ambayo mama mzazi haruhusiwi kuyatamka. Penina ana shangazi mmoja tu aliye hai, dada yangu Anatolia, aliyeolewa na mvuvi kisiwani Goziba na kubaki huko hata baada ya kufiwa. Mimi sijamwona tangu siku niliyoondoka.

"Wapo mabinti wa baba zetu wadogo," nilisema. "Mmoja wao asimame."

"Waitu, shemeji," alishangaa Alistidia, "Tanga walikufundisha kusoma tu?"

Baadaye nilimkuta Penina nyuma ya nyumba akichambua kahawa ambayo ilikwisha kuchambuliwa.

Tumempa mvuvi mmoja ujumbe wa kumpelekea Anatolia.

Jumapili, 24 Juni

Majibu yamefika. Mvuvi aliyatoa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto anayekariri katekisimu: "Anatolia anasema atakuja. Kwa mtumbwi atafika Katoju na si zaidi, maana kwenda mpaka Bukoba ni siku nyingine ya kukaa, na nyonga yake haikubali. Kupanda mlima kwa miguu hawezi. Machela hapandi. Anasema, wote waliopandishwa mlima ule kwa machela anawajua, na hakuna aliyeshuka kwa miguu yake mwenyewe. Leteni gari. Atafika Jumanne ya juma la harusi, na gari lisipokuwapo atageuza na mtumbwi uleule."

"Basi?" aliuliza Alistidia.

"Amesema pia huyu kaka yake wa Tanga anyolewe ndevu, asije akamwogopa."

Tulicheka mpaka mvuvi akakaa. Lakini Katoju, kijiji cha ufukweni chini ya mlima wetu, hakujawahi kufika gari. Barabara inaishia ukingoni mwa mlima. Kutoka hapo kuna njia ya ng'ombe inayoshuka kwenye mawe yaliyokaa kama ngazi, na chini, kabla ya kufika mwaloni ambako mitumbwi huvutwa, kuna uwanda wa mchanga mweupe. Kiangazi hiki mchanga umekauka mpaka unatiririka kama mtama.

Alhamisi, 28 Juni

Gari lipo moja, lori la chama cha wakulima wa kahawa. Mwenyekiti ni Rugaibula, mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye koti jeusi hata jua likiwa utosini. Dereva ni Byarugaba, aliyeendesha magari ya jeshi katika jangwa la nchi za Waarabu wakati wa vita vya pili na hajaacha kutuhadithia. Kwa maneno yake, vita vile vilikuwa vya watu wawili, Byarugaba na Mjerumani.

Rugaibula amekubali lori lijaribu, kwa kuwa watu wa Katoju nao wana kahawa, na kila mwaka wanaipandisha kichwani. Namwona mtu mkavu. Hakunipa pole ya safari wala karibu ya nyumbani. Aliniuliza kama Tanga kuna Walutheri.

Jumanne, 10 Julai

Tumenasa.

Mawe tuliyashuka kwa kuruka. Meno yangu machache yaligongana njia nzima. Mchangani hatukwenda hata umbali wa kutupa jiwe. Magurudumu ya nyuma yalizunguka, yakajichimbia, lori likalala na tumbo lake juu ya mchanga kama kiboko.

"Mzee mwenyekiti," alisema Byarugaba, "nipe ruhusa nitoe upepo."

"Upepo gani?"

"Wa matairi. Tairi likishiba ni kama kisu, linakata mchanga. Likilegea linakuwa kama wayo wa ngamia, linatandaza mguu. Kule jangwani..."

"Kule jangwani gari lilikuwa la mfalme. Hili ni la wakulima. Tairi bila upepo ni tairi lililokufa. Hata wahuni wakitaka kumkomoa mtu, wanafanya nini? Wanamtolea upepo."

"Si wote, mzee. Kiasi tu."

"Chimbeni."

Tulichimba. Wavuvi walileta magogo ya mitumbwi mibovu, wanawake wakaleta mafunjo ya kutandika. Tulitoka jua likizama, kinyumenyume, bila kuiona Katoju. Penina alikuwa anatungoja barabarani. Akatazama mchanga kwenye suruali zetu, akajua.

Jumatano, 11 Julai

Upepo mkali wa ziwani. Kahawa mikekani inakauka vizuri. Hakuna anayeitaja Katoju.

Jumatano, 18 Julai

Rugaibula amekwenda Bukoba kwa mambo ya chama. Byarugaba alipita asubuhi na kusema, huku akitazama pembeni, kwamba lori linahitaji kunyooshwa miguu. Nilipanda.

Pale ukingoni alipiga magoti, akafungua kofia ya vali ya gurudumu la mbele, akabonyeza kwa ncha ya msumari. Tairi likatoa pumzi ndefu. Hana kipima upepo. Hupima kwa jicho, na kwa teke, na kwa kuweka kiganja pale tairi linapogusa ardhi. Alizunguka yote sita, mawili ya mbele na manne ya nyuma yaliyokaa pachapacha. Tukashuka ngazi za mawe polepole kuliko mtu anayetembea, na niliona kwa macho yangu jinsi tairi lilivyolikumbatia jiwe badala ya kulirukia. Chini akatoa upepo tena kidogo.

"Sasa mzee usipumue," alisema.

Lori lilielea. Sina neno jingine. Halikunguruma wala kupiga chafya. Lilikwenda kwa mwendo uleule, bila breki, bila kona ya ghafla, na nyuma yetu zikabaki alama mbili pana kama mikeka. Tulifika mwaloni. Wavuvi walisimama. Mwanamke mmoja muuza samaki, Klaudia, alikuwa amemwona Byarugaba tangu alipopiga magoti chini ya mlima, na akamfuata kwa maswali. Byarugaba ni Mhaya kama yeye, lakini mambo ya gari huyasema kwa Kiswahili cha jeshi tu, kwa kujivuna. Nilimsikia akimjibu: "Natoa upepo, mama. Bila kuutoa gari halivuki. Nikifika juu nitaurudisha."

Na juu, kweli, aliurudisha, kwa pampu ya mkono, mpaka shati likamganda mgongoni. Aliniambia tairi laini likikimbizwa kwenye barabara ngumu huchemka na kupasuka. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumapili, 22 Julai

Baada ya ibada nilikuta watu wamejikusanya makundi makundi, wakinyamaza nilipokaribia. Alistidia ndiye aliyeniambia. Klaudia amepanda mlimani kuuza samaki, na habari imepanda naye: Byarugaba anatoa pepo. Alipiga magoti mbele ya kila gurudumu, akachomeka msumari, pepo akalia kama nyoka na kutoka. Pepo sita. Amewaacha mchangani Katoju. Na lililo baya zaidi, alipofika juu ya mlima aliwarudisha.

"Wavuvi wamehamisha mitumbwi," alisema Alistidia. "Hawataki kukanyaga pale."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi? Mimi nauliza tu kwa nini awarudishe."

Rugaibula amerudi na kulizuia lori. Hakuna gari kwenda Katoju mpaka wazee wa kanisa wakae.

23 Julai

Penina ameniuliza kama shangazi akikosekana harusi inaweza kusogezwa hadi mvua. Nikamwambia isisogezwe. Sijui nilisema kwa mamlaka gani.

24 Julai

Kuchuma.

25 Julai

Kuchuma. Byarugaba amepita kwa miguu. Ni mara ya kwanza namwona bila hadithi.

Jumapili, 29 Julai

Wazee walikaa katika chumba cha nyuma cha kanisa, Rugaibula mezani, Klaudia kwenye benchi na kapu lake la samaki, Byarugaba amesimama. Niliomba kukaa pembeni.

"Uliitwa kutoa pepo na nani?" aliuliza Rugaibula.

"Mimi sikutoa pepo."

"Alitoa," alisema Klaudia. "Mwenyewe alinitajia, tena bila haya. Sita."

Nilikuwa nikilisikia neno lile tangu juma lililopita na lilikuwa likinikwaruza kama ukurasa wenye kosa ambalo jicho halijaliona. Sasa nikaliona. Kosa lilikuwa la herufi moja.

Niliomba ruhusa. Nikamuuliza Klaudia, "Mama, sisi kwa Kihaya mtu tunamwitaje?"

"Omuntu."

"Na Waswahili?"

"Mtu."

"Ile 'o' ya mbele umeipeleka wapi?"

"Nimeivua. Kiswahili hakivai kitu mbele. Kila mtu anajua."

"Na ndizi tunaziitaje?"

"Ebitoke. Nikiwa Bukoba kwa Waswahili nasema 'vitoke' na wananielewa, ingawa wanacheka."

"Basi Byarugaba alipokwambia 'upepo', ile 'u' uliifanyaje?"

Nilimwona Klaudia akirudi mwaloni kichwani mwake, akisikiliza tena.

"Niliivua," alisema taratibu. "Nilidhani ni ile yetu."

"Hiyo haikuwa ya kuvua. Upepo ni omuyaga. Alitoa omuyaga kwenye matairi."

Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akauliza gari lina magurudumu mangapi. Akaambiwa sita. Akaanza kucheka kwa ndani, mabega yakitikisika, na kicheko kikaenda kwenye benchi zima mpaka kikamfikia Klaudia mwenyewe, aliyejifunika uso kwa kanga. "Na mimi nimewaombea wavuvi wale juma zima," alisema.

Rugaibula peke yake hakucheka. Alingoja kimya kirudi.

"Basi si pepo," alisema. "Nashukuru. Lakini hata upepo nilikataza. Nilikataza tarehe kumi nikiwa nimesimama palepale, na huyu alingoja nigeuze mgongo."

Byarugaba aliinamisha kichwa. Mimi pia, maana nilikuwa nimepanda.

Jumapili, 5 Agosti

Mvua imenyesha mchana huu, mvua isiyo ya wakati wake, nzito. Kahawa yote ilikuwa uani. Tulikimbia na mikeka, mimi na Alistidia na Penina, na tulishindwa, mpaka nikaona koti jeusi likiruka mitaro. Rugaibula alikuwa akipita njiani. Alibeba mikeka miwili kwa mara moja, kahawa ikimwingia shingoni, na hakusimama mpaka kila punje ikawa chini ya paa.

Alistidia alimletea kijikapu cha kahawa za kutafuna, kama afanyiwavyo mgeni. Alichukua mbili, akatafuna, akitazama matone.

"Mke wangu aliingizwa kwetu bila shangazi," alisema. "Ilikuwa mwaka wa tauni ya ng'ombe, shangazi hakuweza kusafiri. Mama yangu hakumwita mkwe hata siku moja. Alimwita yule."

Alichukua kahawa ya tatu.

"Jumanne ya tarehe 21 nitakwenda mwenyewe," alisema. "Tairi likiharibika, ninyi mtasema nini kwa wakulima?"

"Tutasema ulikuwapo, mzee," alisema Penina.

Nimeandika neno "mkavu" mahali fulani juu ya mtu huyu. Sisahihishi shajara yangu kama kurasa za kiwandani, kwa hiyo litabaki. Lakini limekosewa.

12 Agosti

Jua. Mchanga, wanasema wavuvi, umekauka tena.

Jumanne, 21 Agosti

Naandika haya mikono ikinuka mafuta ya samaki, na sitainawa mpaka nimalize.

Ukingoni mwa mlima Rugaibula alisimama juu ya Byarugaba kama msimamizi wa mtihani. Byarugaba alipobonyeza vali, mzee alihesabu kwa sauti na kusema, "Inatosha." Dereva alinitazama. Haikutosha, lakini kwa mawe ya kushukia ilifaa. Chini aliomba kuongeza kidogo. "Inatosha," alisema Rugaibula tena. Tulifika mwaloni kwa shida, tukiyumba, injini ikilia.

Mtumbwi ulikuwa umekwisha kufika. Mwanamke mnene alikuwa ameketi juu ya furushi, mguu mmoja umenyooshwa, akila kipande cha samaki mkavu. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Juni. Alinitazama kutoka kwenye viatu hadi kwenye kofia.

"Lwakatare. Umezeeka vibaya."

"Na wewe, dada."

"Mimi nimezeeka vizuri. Nipe mkono."

Uso wake ulikuwa wa mama yetu kutoka puani kwenda chini. Nilimpa mkono, na yeye akajifanya anashughulika na furushi.

Tulimpandisha kiti cha mbele. Lori likaondoka, likafika katikati ya uwanda, na palepale tuliponasa Julai likaanza kuzama. Byarugaba akazima injini mara moja, asije akachimba. Mtumbwi ulikuwa bado ufukweni nyuma yetu, wapiga makasia wakitutazama. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa kwamba Anatolia angeweza kugeuza nao.

Anatolia alitoa kichwa dirishani.

"Kwa nini tumesimama?"

"Tairi zimeshiba mno, mama," alisema Byarugaba.

"Si uzipunguze."

"Mwenyekiti hajaruhusu."

"Mwenyekiti ni yupi? Huyo wa koti?" Alikaza macho. "Wewe si Rugaibula mtoto wa Kyaruzi? Nilikubeba mgongoni tukienda kuteka maji. Ulininyea."

Wavuvi waliokuwa wamekuja kusukuma waligeukia ziwa kwa adabu.

"Ndiyo, dada," alisema Rugaibula.

"Basi piga magoti, mwanangu, utoe huo upepo."

Na alipiga magoti. Byarugaba akampa msumari, akamwonyesha pa kubonyeza, na Rugaibula akalifungulia gurudumu la kwanza. Pumzi ikatoka. Aliisikiliza kichwa upande, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mpaka gurudumu la tatu alikuwa ameacha kuuliza, akiweka kiganja chini kupima kama alivyomwona mwenzake akipima. Tuliondoa mchanga mbele ya matairi kwa mikono. Byarugaba akarudi nyuma kwanza, juu ya alama zake mwenyewe, kisha mbele polepole, na lori likajiinua kutoka shimoni na kwenda.

Rugaibula alikuwa bado chini. Alilikimbilia, koti likipepea, kwa kuwa Byarugaba hakuthubutu kusimama, na tulimvuta juu kwa mikono miwili. Alikuwa anacheka. Sikujua kama ana mwanya.

Mawe yalichukua muda mrefu kuliko mchanga. Mara moja tulisimama kwa sababu jiwe lilikwama katikati ya matairi pacha, na Byarugaba akaligonga mpaka likatoka, akisema lingeyakata yote mawili. Kila ngazi lori liliweka tairi juu yake taratibu, tairi likabonyea, likashika, likapanda. Kutoka mbele nilisikia sauti ya dada yangu ikimwambia dereva kwamba mtumbwi wa mumewe ulikuwa unaruka kuliko hivi.

Juu, pampu ikagoma. Ngozi ya ndani ilikuwa imekauka kwa kiangazi. Ukisukuma, upepo unarudi nyuma. Kagoma bado mbali, na matairi laini yasingefika huko kwa barabara ngumu. Anatolia akauliza ngozi inataka nini. Mafuta, alisema Byarugaba. Dada akafungua furushi na kutoa chupa ya mafuta ya samaki aliyokuwa anampelekea Penina. Tuliilowesha ngozi, tukaikanda kwa vidole mpaka ikalainika, tukairudisha. Ikashika.

Watu waliotungoja pale juu walipokezana, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akisukuma mpaka achoke, wakiimba wimbo wa kupura maharage kwa sababu ndio uliolingana na mipigo. Klaudia alisukuma gurudumu zima peke yake, akisema analipa deni kwa pepo wake. Rugaibula alivua koti. Alipokuja mtu kumpokea, alikataa.

Jumamosi, 25 Agosti

Izimbya. Anatolia alimshika Penina mkono na kuingia naye, akichechemea, bila kuharakisha, na ukumbi mzima ukaungoja mguu wake. Alimkalisha mapajani mwa baba mkwe. Mama wa Mwijage akauliza, kama ilivyo desturi, nani amemleta binti huyu.

"Mimi, dada wa baba yake," alisema Anatolia. "Nimetoka Goziba."

Mama mkwe akasema, "Karibu, mkwe wangu," akimtazama Penina. Nilimtafuta Rugaibula kwa macho. Alikuwa anatazama kikombe chake cha lubisi, kinywaji chetu cha ndizi.

26 Agosti

Usingizi.

Alhamisi, 30 Agosti

Nilikuwa nimemwandalia dada chumba kinachotazama migomba, na kitanda cha chini kwa ajili ya nyonga. Leo ameniambia Jumanne anarudi.

"Unarudi wapi? Hapa ndipo nyumbani."

"Kwako. Wewe umekaa Tanga ukiililia Kagoma. Mimi sikukaa Goziba nikililia kitu. Nina kuku, nina kaburi la mume wangu, nina watu wanaonidai hadithi jioni." Alinitazama. "Na sasa gari linapita. Nitakuja utakapochoka kuniandalia chumba."

Nilikasirika mpaka chakula cha jioni. Kisha nikagundua kwamba sijawahi kumuuliza Goziba ikoje.

Jumanne, 4 Septemba

Wavuvi wamerudisha mitumbwi mahali pake pa zamani. Tulishuka bila kunasa. Rugaibula mwenyewe ndiye aliyetoa upepo, akitueleza sote, Byarugaba pamoja nasi, jinsi inavyofanywa. Byarugaba alimsikiliza kwa heshima na kunikonyeza.

Dada alipokwisha kuketi mtumbwini, nilimpa furushi lake. Kisha nikatoa langu kwenye lori.

"Hilo la nani?"

"La mgeni."

Alisogea, akawaambia wapiga makasia: "Huyu ni mdogo wangu. Hajui kuogelea. Mkalisheni katikati."

Goziba, Ijumaa, 7 Septemba

Hapa hakuna gari wala barabara. Jana usiku walinitaka hadithi, nikawapa ya pepo sita, na dada akanirekebisha mara tatu. Nimelala mpaka jua likanikuta.